Hitima ya arobaini: ng'ombe anunuliwe kwa fedha ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Baba yetu amefariki hapa Tanga. Baba mkubwa anataka siku ya arobaini tusome hitima kubwa: ng'ombe, mchele kilo 100, maturubai na viti. Bajeti imefika shilingi 2,000,000, na anasema zitoke kwenye fedha za marehemu kwa kuwa ni haki yake. Baba ameacha shilingi 6,000,000. Wazazi wake walishatangulia. Amemwacha mama na watoto 5, wavulana 2 na wasichana 3. Wawili bado wadogo, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 11, hawajabaleghe. Mama hajamaliziwa mahari yake, shilingi 600,000, na kikoba kinamdai marehemu 1,000,000. Gharama za mazishi, 400,000, nilizikopa mimi. Hakuacha wasia. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu baba yenu, amsamehe, na awape subira.

Binti yangu, fedha hiyo isiguswe kwa ajili ya hitima. Mtu akishakufa, mali yake inakuwa na wenyewe, kwa mpangilio usiobadilishwa na kikao cha ukoo. Kwanza gharama za mazishi ya kawaida: sanda, mwosha, kaburi, usafiri. Pili madeni. Tatu wasia, usiozidi thuluthi (sehemu moja ya tatu) ya kilichobaki. Mwisho warithi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, Allah anataja mafungu kisha anarudia kila mara kwamba ni baada ya wasia au deni. Hitima haimo katika mambo hayo manne, labda marehemu awe ameiusia ndani ya thuluthi yake, na hapo pia wanazuoni wana masharti.

Sasa tupige hesabu. Toa 400,000 ulizokopa kwa mazishi. Toa 1,000,000 za kikoba. Toa 600,000 za mama, kwa sababu mahari ni deni kama deni lingine, na familia nyingi hulisahau kwa kuwa mdai ni mjane anayeona haya kudai. Zinabaki 4,000,000. Mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, 500,000. Zilizobaki 3,500,000 zinagawanywa mafungu 7, mvulana mafungu mawili na msichana moja: kila mvulana 1,000,000, kila msichana 500,000. Baba mkubwa harithi kitu, kwa sababu marehemu ana watoto wa kiume. Ni mkubwa wenu na ushauri wake unaheshimiwa, lakini hana fungu ambalo anaweza kulitolea idhini.

Wale wadogo wawili wana 1,500,000 kati ya hizo 4,000,000. Ukichota 2,000,000 kwenye chungu kizima, 750,000 zimetoka kwao. Hata wakisema "sisi tumekubali", ridhaa ya mtoto ambaye hajabaleghe haihesabiki, na mlezi wake hana ruhusa kutoa mali yake kama zawadi au sadaka. Anaitumia kwa maslahi ya mtoto tu: chakula chake, ada, matibabu. Katika sura hiyohiyo, aya ya 10, wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wameambiwa kwamba wanakula moto matumboni mwao. Wageni watakaokula ile pilau hawajui. Nyinyi mnajua.

Ama hitima yenyewe. Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu wawapikie watu wa nyumba ya Ja'far, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Hapo majirani ndio wanaopika na wafiwa ndio wanaokula. Sisi tumegeuza. Jarir bin Abdillah, katika riwaya ya Ahmad na Ibn Majah, anasema masahaba walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya mazishi kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, wameliandika jambo hili kuwa ni makuruhu, na kuwa ni haramu ikiwa chakula kimetoka katika mali ya yatima au ya marehemu mwenye deni. Siku ya arobaini haina hadithi sahihi inayoihusisha na jambo lolote.

Kusoma Qur'ani na kumwombea marehemu ni suala jingine. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu thawabu za kisomo kumfikia maiti. Wengi wa Mashafi waliokuja baadaye wanaona zinamfikia msomaji akiomba dua baada ya kusoma. Dua na sadaka hazina khitilafu. Saad bin Ubada aliuliza kama mama yake aliyefariki atafaidika akimtolea sadaka, akaambiwa ndiyo, akatoa bustani yake. Kwa hiyo someni nyumbani, ombeni dua, chai na kahawa zinatosha. Mkubwa yeyote kati yenu anayetaka kulisha maskini afanye hivyo kwa fungu lake baada ya kugawa.

Kinachomfaa baba yenu kwanza ni lile deni la kikoba. Mtume aliacha kumsalia mtu aliyekuwa na deni la dinari mbili mpaka Abu Qatada alipojidhamini kulilipa, na alipokwisha kulilipa, Mtume akasema sasa ngozi ya maiti yule imepoa. Ulizeni pia dukani, kazini, na kwa waliokuwa wakimtumia fedha kwa simu. Kama alikuwa na siku za Ramadhani alizoweza kuzilipa na hakuzilipa, ndugu amfungie, au mtoe kibaba cha mchele kwa kila siku. Kama ugonjwa haukumpa nafasi kabisa hadi kufa, hadaiwi.

Daftari la rambirambi lisichanganywe na mirathi. Aliyetoa "kwa ajili ya mazishi" fedha yake iende kwenye mazishi, na ikitosha, zile 400,000 zako zilipwe humo, mirathi ipumue. Aliyempa mama mkononi, ni ya mama.

Kwa baba mkubwa, nenda na mama au mmoja wa wazee wa msikiti, si kwa kumkabili kikaoni. Mwonyeshe karatasi ya hesabu kabla hajaagiza ng'ombe, maana malipo ya awali yakishatoka ndipo ugomvi huanza. Kisha fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema, msimamizi ateuliwe, na fungu la watoto wadogo liwekwe akaunti yake.

Na mama asitolewe eda, yaani muda wa mjane kukaa kabla ya kuolewa tena, siku ya arobaini, kosa ambalo hutokea watu wakiunganisha mambo mawili. Eda yake ni miezi 4 ya mwandamo na siku 10 tangu siku ya kifo, na akiwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Muda huo wote ana haki ya kukaa katika nyumba ile, hata kama mirathi imeshagawanywa.