Usizitoe hizo nyaya za kuzimia

Mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Soma hapa.

Umesema una softistata nne (vifaa vya kuwasha mota taratibu) za mota za kW 75 na unataka kuziunganisha na PLC, kompyuta ya kuendeshea mitambo. Umeuliza pariti (biti ya kukagua makosa ya ujumbe) na anwani unazipangaje, umeuliza uchague Modbus RTU au Profinet, lugha mbili za mtandao wa mashine, halafu mwishoni ukatupia mstari mmoja kama vile si kitu: "nikimaliza nitaondoa nyaya zote za kuwashia na kuzimia, kila kitu kipite kwenye mtandao, paneli iwe safi." Wachangiaji watano wamekujibu pariti. Huo mstari wa mwisho hakuna aliyeugusa. Mimi ndio umenikamata kooni, kwa sababu niliwahi kuuandika mwenyewe, karibu neno kwa neno, kwenye ripoti ya kazi niliyokuwa najivunia.

Kiwanda sikitaji. Kulikuwa na pampu mbili za kW 90 zinazovuta maji tangi la chini kupeleka la juu, kila moja na softistata yake. Mfumo wa zamani ulikuwa wa nyaya tupu: batani ya kijani, batani nyekundu, rilei kadhaa, kontakta kuu (swichi kubwa inayoshikwa na sumaku ya koili), na emajensi, batani ya dharura, inayokata umeme wa koili ya hiyo kontakta. Ukifungua paneli unadhani mtu kamwaga tambi. Lakini ilikuwa inazima. Naomba neno hilo ulikumbuke, ilikuwa INAZIMA.

Ndipo akaja bwana wa muuzaji kutufundisha otomesheni. Alikuja na shati jeupe. Chumba cha umeme cha kiwanda, mtu na shati jeupe! Hapo tu ningeshtuka. Akaangalia paneli, akacheka, akasema, "Fundi, nyaya zote hizi za nini? Zinatosha mbili." Nikamuuliza, na emajensi je? Akanijibu kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya nyanya: "Ipeleke kwenye ingizo la PLC. Ikibonyezwa, PLC inaandika sifuri kwenye rejista ya amri, mota inazima." Akanywa soda yetu ya pili, akaondoka. Na mimi, miaka 11 kazini, si mwanafunzi wa field, nikaandika kwenye daftari kama nimeteremshiwa wahyi.

Nikatoa nyaya. Nikafunga kanda za plastiki vizuri, nikapiga picha kabla na baada. Paneli iling'aa kama sebule ya mtu aliyeoa juzi.

Siku ya tatu zikaanza kuzima zenyewe, hitilafu ya mawasiliano. Sababu halisi niliijua baadaye: kebo yangu ya mtandao, ya RS-485, niliilaza kwenye trei moja na kebo ya mota ya inverta (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) ya mashine jirani, mita kama 40 bega kwa bega. Inverta inapiga kelele za umeme, ujumbe unaharibika, softistata inakaa sekunde kadhaa bila kusikia kitu, inazima. Yaani ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Nikampigia shati jeupe. Akasema, "Weka muda wa kukatika mawasiliano uwe sifuri." Kwenye mashine ile sifuri maana yake ni kufunga ulinzi huo kabisa. Nikaweka. Kelele zikaisha, meneja akanipongeza. Nilikuwa nimemziba mlinzi mdomo kwa sababu anatusumbua usingizi.

Wiki sita baadaye, saa nane usiku, simu. Kijana wa zamu, sauti inatetemeka: "Fundi, nimebonyeza emajensi, haizimi." Nikamwambia bonyeza tena, labda haijaingia vizuri. (Hii ndiyo akili yangu ya saa nane usiku, usinicheke.) Akasema, "Nimebonyeza mara nne. Nimezima na kwenye skrini. Pampu inanguruma na inatoa moshi."

Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Pampu ya kisima ilikuwa imezima mapema usiku huo, tangi la chini likakauka. Boya la tangi likaiambia PLC, na PLC ikaandika sifuri kama ilivyofundishwa. Sifuri haikufika. Kwenye plagi ya kijani ya softistata namba 2 skrubu moja, ya ukubwa wa punje ya mtama, ililegea kwa mtetemo na waya mmoja ukachomoka. Basi. Softistata ilibaki na amri ya mwisho iliyoisikia, na amri ya mwisho ilikuwa "washa". Maji kidogo yaliyobaki ndani ya pampu yakachemka, sili ikaungua, rangi ya ganda ikaanza kubabuka. Kijana alikimbia mpaka chumba cha umeme akashusha breka kuu kwa mkono. Kama mlango ungekuwa umefungwa sijui ningekuandikia nini leo.

Na skrini sasa! Skrini ilikuwa inaonyesha 154 A, duara la kijani, "INAFANYA KAZI". Ilikuwa imeganda kwenye thamani ya mwisho kabla waya haujachomoka. Kwa hiyo kijana ana kengele ya tangi kavu na ampea nzuri kabisa kwa wakati mmoja, na emajensi isiyozima. Ningekuwa mimi ningedhani ni majini.

Sili, impela, beringi zote mbili, shafti kupelekwa kwa mchonga vyuma, siku tisa pampu moja ikibeba kazi ya mbili. Shilingi milioni 14 na ushee. Shati jeupe alipopigiwa alisema, "Lakini ulipaswa kuwasha ulinzi wa mawasiliano." Mkuu, nilikata simu nikatoka nje nikazunguka mti.

Sasa hesabu nami njia za kuzima nilizokuwa nazo: boya, skrini, emajensi. Kwenye mchoro ni tatu. Kwa ukweli ni moja, kwa sababu zote zilipita kwenye jozi ileile ya nyaya, kwenye skrubu ileile. Waya wa kuzimia wa kizamani umefungwa kwa kontakti iliyofungika muda wote: umeme unapita, mota inaruhusiwa. Ukikatika, ukilegea, panya akila, umeme unakosekana na mota inazima. Kuharibika kwake kunazima. Kebo ya Modbus ikikatika, kimya kinaingia, na Modbus yenyewe, iliyotoka kwa Modicon mwaka 1979, haina namna yoyote ya kumwambia mtumwa (softistata) kwamba bwana wake (PLC) kafa. Kimya ni kimya. Kama hukuweka muda wa kungoja, softistata itaendelea mpaka kiama.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia mpaka mnichoke: MTANDAO WA KUSOMA, WAYA WA KUZIMA. Ampea, joto la mota, msimbo wa hitilafu, idadi ya kuwasha, saa za kazi, soma vyote kwenye mtandao, ni utamu mtupu. Hata kuwasha, kama unang'ang'ania, washa kwa mtandao. Kuzima kuwe na waya wake.

Na waya huo usiishie kwenye teminali ya softistata tu, hapa ndipo wengi wanadhani wamemaliza. Ndani mle kuna thairista (swichi za kielektroniki), jozi ya kupeana mgongo kwa kila fezi inayodhibitiwa. Thairista ikiungua mara nyingi inabaki imeunganika, haikati. Unaweza kuizimia softistata kwa kila lugha unayoijua, umeme utapita tu. Hata ikiwa nzima, softistata iliyozimwa haitenganishi umeme, ukigusa teminali za mota utaniambia. Emajensi lazima iangushe koili ya kontakta kuu iliyo juu ya softistata, kwa nyaya, kupitia rilei ya usalama kama bajeti inaruhusu. PLC nayo ipewe kontakti ya pili ya hiyo emajensi, ipate taarifa tu, kama jirani anavyosikia msiba. Boya la tangi kavu vilevile: kontakti yake ipite kwenye mnyororo wa kuzimia, nakala iende PLC.

Najua utasema "lakini mimi nitawasha ulinzi wa mawasiliano, sitaweka sifuri." Safi, uwashe, sekunde chache, kitendo kiwe kuzima. Soma kitabu cha mashine yako vizuri maana nyingine zinakupa chaguo la "endelea", na nyingine zinahesabu ujumbe wowote, hata wa kusoma tu, kuwa dalili ya uhai. PLC yako inaweza kuwa imekwama kwenye programu huku bado inasoma ampea kwa furaha, na softistata ikaamini mambo ni shwari. Ulinzi huo ni mkanda juu ya mkanda. Suruali yenyewe ni waya.

Kuna na upande wa pili, mbaya kuliko wa pampu yangu. Umeme wa TANESCO unakatika, unarudi, PLC inaamka na bado inaandika "1" kwenye rejista ya amri. Mota inaanza yenyewe. Kwangu ni maji. Wewe umesema mbili kati ya nne ni za mikanda ya kubebea mizigo. Umeme ukikatika watu wanafanya nini kwenye mkanda uliosimama? Wanapitisha mkono kuondoa kilichokwama. Sina la kuongeza, fikiria huo mkono. Kontakta kuu ijishike yenyewe kwa kontakti yake, umeme ukirudi ibaki chini mpaka mtu abonyeze.

Halafu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma: ile softistata ilikuwa na ulinzi wa mzigo mdogo ndani yake. Pampu inayovuta maji ilikula 150 na kitu, kavu ilikuwa inashuka chini ya 80. Ningeweka kizingiti 100 A kwa sekunde tano, ingejizima bila kumuuliza mtu, waya uchomoke usichomoke. Ulikuwa umezimwa toka kiwandani, na mimi niliruka ukurasa huo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika sura ya mawasiliano. Sura ya mawasiliano nimeisoma mara nne. Ningeweza kuwaimbia.

Haya, pariti. Modbus RTU kwa desturi ni pariti shufwa na biti moja ya kusimama, ukiondoa pariti weka biti mbili za kusimama, na kila kifaa kwenye laini kiwe sawa na wenzake. Anwani 1 hadi 4, usirudie. Kitabu kikisema rejista 40001, PLC nyingi zinataka 0, ukisoma takataka ongeza au punguza moja kabla hujamtukana mtu. Nyaya A na B za laini watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, zikigoma geuza. Kipinga cha ohm 120 ncha mbili tu za laini, si kwenye kila kifaa. Kebo ya jozi iliyosokotwa yenye ngao, mbali na kebo za mota, zikibidi kukutana zikatane msalaba. Na skrubu za zile plagi za kijani, kaza, halafu vuta kila waya kwa vidole. Mimi siku hizi navuta mpaka za watu wengine, nikiingia kwenye kiwanda cha mtu naonekana mwizi.

Kabla hujachomoa chochote fungua paneli, piga picha mnyororo wa kuzimia ulivyo sasa, koili ya kontakta kuu ionekane, uiweke hapa. Niko macho mpaka saa tano.