Redio imemzushia dada yangu muuguzi: tumshike nani?

SWALI: Wakili, salaam. Dada yangu ni muuguzi wa chanjo huku Arua, Uganda. Mtangazaji wa kipindi cha usiku alimtaja kwa jina hewani, akasema anadunga watoto sindano za kuua uzazi na analipwa kwa kila mtoto. Sasa akina mama wanaikwepa zamu yake na vijana wa bodaboda wanamzomea. Mwenye redio anasema muda ule ulinunuliwa na muuza dawa za kienyeji, yeye hahusiki. Tuna kipande cha kipindi kile tulichotumiwa kwa WhatsApp. Tuwapeleke polisi kwa kutangaza uongo, au tuombe redio ifungwe?

JIBU: Salaam ndugu, na pole kwa dada. Polisi msianze nako. Kosa la kuchapisha habari za uongo lilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2004, katika kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Mimi naona lilifutwa kwa haki, maana lilikuwa rungu la kuwapigia waandishi.

Kufunga redio nako hakumsaidii dada. Mwaka 2009, wakati wa ghasia za Buganda, serikali iliizima CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ikakaa kimya zaidi ya mwaka. Redio ikizimwa, fundi mitambo hukosa mshahara na aliyezushiwa hapati hata shilingi.

Njia yenu ni kesi ya madai ya kashfa. Angekuwa amesema tu kwamba chanjo ni sumu, mngebaki na malalamiko kwa Tume ya Mawasiliano (UCC), kwa sababu uzushi wa jumla haumvunjii heshima mtu mmoja. Lakini alitaja jina, akamtuhumu kwa uhalifu na kumchafua katika kazi yake. Tuhuma za namna hiyo, hata zikisemwa kwa mdomo, hazikulazimishi kwanza kuthibitisha hasara ya fedha. “Nilisikia watu wakisema” si utetezi pia, maana anayerudia uzushi huubeba kama wake.

Mshtakini mtangazaji, muuza dawa, na kampuni yenye leseni. Kuuza muda hakuuzi wajibu. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 inamdai mwenye kituo ahakikishe vipindi havichochei ghasia wala chuki za kikabila, na habari hazipotoshwi. Nakala ya malalamiko ipelekeni UCC vilevile.

Muuza dawa msimwache, kwa kuwa hofu ndiyo biashara yake. Kule Marekani, mtangazaji Alex Jones alidai mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, yalikuwa maigizo, huku akiuza virutubisho kwa wasikilizaji wale wale. Wazazi waliofiwa walifuatwa na kutishwa. Oktoba 2022 baraza la raia mahakamani (jury) huko Connecticut lilimtoza dola milioni 965. Na alishindwa hata kabla ya kufika kwenye fidia, kwa kukataa kutoa nyaraka alizoamriwa. Fidia za hapa kwetu hazifiki huko, msijidanganye. Mahakama ya hakimu mkuu huishia madai ya shilingi milioni 50. Yakizidi hapo, ni Mahakama Kuu.

Kipande cha WhatsApp mlicho nacho hakitoshi. Mahakama itataka maneno yenyewe, neno kwa neno, kwa lugha aliyoyasemea, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Akisema “wanaua uzazi” na ninyi mkaandika “anaua uzazi”, wakili wao atakaa hapo asubuhi nzima. Basi wiki hii hii mwandikieni mwenye kituo barua, mtaje tarehe na saa ya kipindi, mdai rekodi kamili itunzwe isifutwe, na mdai asahihishe saa ile ile aliyochafua. Atakayeipokea barua asaini kwamba ameipokea. Aliyekutumia kile kipande naye asiifute simu yake.

Halafu, ili mahakama ione uzushi ulivyomdhuru dada, mwombeni mkuu wa kituo cha afya ahesabu, kutoka daftari la chanjo, watoto walioletwa kwenye zamu ya dada kabla ya kipindi kile na baadaye. Idadi tu, bila majina ya watoto.