Flashi ya MB 16: Buildroot, OpenWrt, Yocto au Alpine?

Msomaji mmoja wa Gulu ameandika wiki hii. Ana bodi yenye flashi ya MB 16 na RAM ya MB 64, anataka isome kiwango cha maji kwenye tangi na kutuma vipimo kwa modemu ya USB. Anauliza: kati ya Buildroot, OpenWrt, Yocto na Alpine, ni chombo gani kinachotoa mfumo mdogo wa Linux kuliko vyote?

Ndugu yangu, swali hilo limewapoteza wengi. Buildroot, OpenWrt na Yocto zote zitaingia humo ukizipunguza vizuri, kwa sababu vilivyomo mara nyingi ni vilevile: kerneli ya Linux (kiini cha mfumo), BusyBox (amri za msingi katika programu moja) na musl (maktaba ndogo ya C). Jiulize kwanza utafanyaje miezi sita ijayo, kifaa kikiwa kimefungwa kijijini na programu inahitaji kurekebishwa. Jibu la hapo ndilo linalochagua chombo.

Kwa kazi yake, Buildroot. Chukua toleo la LTS, yaani linalotunzwa kwa muda mrefu; hutoka Februari. Anza na defconfig (mipangilio ya kuanzia) ya bodi yako, ingia `make menuconfig`, chagua musl na SquashFS (mfumo wa faili uliobanwa, wa kusomwa tu), kisha `make`. Imeji, yaani faili ya mfumo mzima ya kuandika kwenye flashi, inatoka kwenye `output/images`. Faili zako mwenyewe ziweke kwenye folda inayotajwa na `BR2_ROOTFS_OVERLAY`. Anayehariri ndani ya `output/target` atapoteza kazi yake siku ya `make clean`, na siku hiyo haikosi kufika, maana Buildroot haifuatilii mabadiliko. Ukiondoa kifurushi kwenye menyu, faili zake hubaki kwenye imeji; ukibadilisha kompaila au maktaba ya C, hakuna njia ila kujenga upya kuanzia mwanzo. Kabla ya kulalamika kwamba imeji ni kubwa, endesha `make graph-size` uone nani amekula nafasi. Mara nyingi ni Python. Kwa kusoma kihisi kimoja na kutuma namba, lugha ya Lua au C inatosha.

Bando nalo ni gharama ya ujenzi. Elekeza `BR2_DL_DIR` nje ya mti wa Buildroot, nenda penye intaneti nzuri, endesha `make source` ili vyanzo vyote vishuke mara moja. Baada ya hapo unaweza kujenga hata bando limekwisha, na folda hiyo unaweza kumnakilia mwenzako kwenye diski.

Kama bodi yako ni rauta inayotambuliwa na OpenWrt, Linux ya rauta, usianze kukompaili chochote. Kima cha chini wanachokitaja ni flashi ya MB 8 na RAM ya MB 64, kwa hiyo umo. Tumia Image Builder, inayokusanya vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa: `make image PROFILE=... PACKAGES="uqmi kmod-usb-net-qmi-wwan -ppp -ppp-mod-pppoe"`. Viwili vya mwanzo ni vya modemu; alama ya kutoa inaondoa kifurushi kabla imeji haijatengenezwa. Wengi huondoa vifurushi wakiwa tayari ndani ya rauta kisha wanashangaa nafasi haiongezeki. Haiwezi kuongezeka: vilivyokuja na imeji vimo ndani ya SquashFS, ambayo haiandikwi. Unachofanya ni kuandika alama ya kufuta kwenye tabaka la juu, na alama hiyo nayo inakula nafasi.

Yocto ni nzuri kwa kampuni yenye bodi za aina tano na timu ya kuzitunza. Maelekezo yake yamekuwa yakitaka diski yenye GB 90 wazi na zaidi. `INHERIT += "rm_work"` inapunguza kwa kufuta faili za kazi zilizokwisha tumika, na kwenye laptopu ya GB 8 za RAM itabidi ushushe idadi ya kazi zinazokwenda pamoja, yaani `BB_NUMBER_THREADS` na `PARALLEL_MAKE`, la sivyo kompaila inauawa katikati. Kwa tangi moja la maji ni kukodi trekta kulima tuta la mchicha.

Alpine, Linux ndogo iliyokwisha kujengwa, haihusiki na MB 16. Lakini kama una kadi ya SD ya GB 4, acha kujenga kabisa. Iweke Alpine katika hali ya kukaa kwenye RAM, na kila ukibadilisha kitu andika `lbu commit` ili kihifadhiwe kwenye kadi. Ukisahau, umeme ukikatika mabadiliko yamekwenda.

Sasa, udogo una maana wapi? Kwenye kusasisha. Ukigawa MB 1 kwa U-Boot (programu inayowasha mfumo), 4 kwa kerneli, 9 kwa SquashFS na 2 kwa data, flashi imejaa, na sasisho likikatika njiani kifaa kimekufa. Ukibana kerneli iwe MB 3 na SquashFS MB 4, nakala mbili zinaingia: 14 jumla, inabaki 1 ya U-Boot na 1 ya data. Nakala mpya ikishindwa kuwaka, unarudi kwenye ya zamani. Sehemu ya data ikiwa JFFS2 (mfumo wa faili wa flashi unaoandikika), usiipe chini ya bloku tano za kufutia, yaani vipande ambavyo flashi hufuta kwa mkupuo. Kwa bloku za KB 64 hizo ni KB 320, pungufu ya hapo inakataa kufunguka. Logi ziache kwenye RAM kwa `syslogd -C`.

Saa pia. Bila tzdata (faili za majira ya saa za dunia), weka `TZ=EAT-3`, saa za Afrika Mashariki, kwenye skripti inayoanzisha programu yako. Ndiyo, alama ya kutoa. Ukiandika `EAT+3` saa inarudi nyuma kwa saa sita, na kwetu itasomeka sawasawa na saa za Kiswahili, kwa hiyo kosa linaweza kukaa wiki bila mtu kulishtukia. Na bodi isiyo na betri ya saa huweza kuwaka ikidhani ni 1970, ambapo kila cheti cha HTTPS kitakataliwa. Ipate saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) kwanza, ndipo itume.

Kabla ya kupanda basi na kifaa, chomoa umeme mara ishirini, hasa kinapoandika data. Kisipowaka hata mara moja tu, hakijawa tayari kusafiri.