Kinachomkwamisha anayetaka kuacha

Barua za wiki hii zinafanana: mtu anataka kuachana na dawa za kulevya, lakini anakwama njiani. Nimechagua nne.

Shikamoo dokta. Naendesha bodaboda Uyole, navuta bangi kila siku. Nilienda zahanati kwa ajili ya kikohozi, nesi akaniuliza kama natumia kitu, nikakataa. Naogopa polisi.

Marahaba. Wengi hukwama hapo hapo, hasa foleni ikiwa mgongoni na majirani wanasikia. Nesi anauliza ili akutibu, na kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wa taaluma yake. Omba mzungumze ndani, mlango ukiwa umefungwa. Mweleze unavuta mara ngapi na hamu inakupanda lini: baridi ya alfajiri, siku isiyo na abiria, au baada ya ugomvi nyumbani. Ukiacha, siku za mwanzo usingizi utapotea na hasira zitakuwa karibu. Kwa wengi makali hupungua ndani ya wiki mbili. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu.

Mwanangu anatumia unga, yaani heroini. Kila akiacha, siku ya pili anarudia. Ndugu wanasema hana nia. Tuko Mafinga.

Pole sana, mama. Nia anayo, ndiyo maana anajaribu tena na tena. Kinachomrudisha ni arosto: viungo kuuma, kutapika, kuharisha, jasho na baridi kwa wakati mmoja. Huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho na hupamba moto siku ya pili au ya tatu, siku zile zile anazorudia. Msimfungie chumbani. Mwili ukikaa bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, na akitoka akatumia kile kile anaweza kuacha kupumua.

Tiba ipo. Methadoni, dawa ya kunywa, huzuia arosto. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mwaka 2017. Ni bure, lakini huanza kunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na nauli ya Mafinga hadi Mbeya kila siku nani ataiweza? Hili linaniuma, maana vijana wengi wa nyanda hizi hukwamishwa na barabara. Tafuteni ndugu aliyeko Mbeya ampokee miezi ya mwanzo, na ongeeni na kliniki kabla hajasafiri. Kama anatumia dawa za kifua kikuu au ARV, aseme mapema. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadoni, arosto ikarudi, na nyumbani mkadhani ameanza tena.

Mimi ni mwalimu, Tukuyu. Mwaka wa pili sasa nanunua diazepamu duka la dawa ili nilale. Nayo inahesabika kuwa uraibu?

Inahesabika, mwalimu. Mwili umeshaizoea, kwa hiyo usiikate ghafla, unaweza kupata degedege. Daktari akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na usiichanganye na pombe yoyote, hata ya kienyeji. Ukifika kwake, mweleze pia kinachokunyima usingizi. Hukuniandikia, na tiba inaanzia hapo.

Nimeacha, ila kijiwe changu cha bodaboda Mwanjelwa ni kile kile. Nihame?

Ukiweza, hama. Kama riziki iko hapo hapo, kaa na mwenzako asiyetumia, na wakianza kuwasha, ondoka ukatafute abiria. Ukiteleza, usiikimbie tarehe yako ya kliniki, nenda ukaseme.