Picha Isiyo na Mtu Wala Mti

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nilimpeleka mdogo wangu kwenye jumba la sanaa la Nommo, Nakasero, jijini Kampala, tukasimama mbele ya picha iliyojaa rangi ya kahawia na nyekundu tu, pasipo mtu, mnyama wala mti. Aliponiuliza mchoraji alikusudia nini, nilikosa jibu, nikaona aibu. Je, sanaa dhahania ina ujumbe, au tunaachwa tubahatishe?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Aibu hiyo iliwahi kumpata hata Wassily Kandinsky, mmoja wa waanzilishi wa sanaa hii. Alisimulia kwamba huko Moscow, katika miaka ya 1890, aliitazama picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet asitambue kilichochorwa, mpaka orodha ya maonyesho ilipomwambia kuwa ni lundo la nyasi. Alikereka, hata hivyo, picha ile haikumtoka akilini.

Mimi huchora juu ya olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lipanuke, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu, na palipotoboka hushonwa kiraka. Ninapoanza kazi huwa sijui itaishia wapi; mara nyingi mshono wa kiraka ndio unaonielekeza rangi ipite wapi. Mganda aliyeona babu yake akizikwa ndani ya kitambaa hicho huguswa nacho kabla sijakipaka chochote, ilhali mgeni huhitaji kuambiwa. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaotundika kazi bila jina wala neno moja, kisha wakamlaumu mtazamaji kwa kutoelewa. Kutaja kitambaa kilitoka wapi hakuiharibu picha, bali humfungulia mtu mlango, naye akishaingia atajionea mwenyewe.

Rudini Nakasero. Usimwulize mdogo wako picha ni ya nini. Mwulize jicho lake lilitua wapi kwanza na likaelekea wapi baadaye. Sogeeni karibu mwone rangi ilivyokwaruzwa au kurundikwa, kisha mrudi nyuma hatua chache. Akiona kitu tofauti na ulichokiona wewe, mwache amalize kusema kabla hujasoma maelezo ya ukutani.