Kutoka oili ya semi kwenda fuli sintetiki: dizeli ya nini?

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, imetembea kilomita 168,000. Siku zote naweka oili ya semi (nusu sintetiki) 10W-30, sasa nataka fuli sintetiki (sintetiki tupu) 5W-30. Fundi anasema tuisafishe injini kwa dizeli kwanza, maana oili hizi mbili zikikutana zinaganda. Ni kweli?
Dereva wa IST, Morogoro

JIBU: Ndugu yetu, dizeli usiiweke humo kabisa. Ni nyepesi mno kubeba beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hivyo chuma kinasuguana na chuma. Tena inabandua tope lote kwa mpigo, linakwenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na oili haipandi juu.

Habari ya kuganda si kweli. Semi yenyewe ni mchanganyiko wa oili ya kawaida na sintetiki, na oili zenye alama ya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) hutengenezwa zichanganyike. Masalia ya semi humo ndani hayana madhara.

Kwanza fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike kwa tochi. Ukiona chuma kina rangi ya kahawia, endelea. Ukiona tope jeusi zito kama grisi, weka sintetiki lakini ibadilishe pamoja na filta baada ya kilomita 3,000, mara mbili mfululizo, litoke taratibu.

Washa gari dakika tano, zima, liinue na uliweke juu ya stendi. Usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Fungua bolti ya sampu kwa spana namba 14, acha itiririke robo saa. Weka pete mpya ya bolti (washa) na usiikaze bolti kwa hasira, nyuzi za sampu huliwa. Ukitoa filta, hakikisha raba yake ya zamani haikubaki imenata kwenye injini: raba mbili zikikutana, oili yote itamwagika barabarani. Raba ya filta mpya ipake oili, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3.4, washa kidogo, zima, subiri dakika tano, soma dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ongeza taratibu. Jumla ni lita 3.7.

Sintetiki haili sili (raba za kuzuia oili isivuje). Ila sili iliyokauka, iliyokuwa imezibwa na tope, sasa itaonekana inavuja. Tazama gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na pale injini inapoungana na giaboksi. Dawa ni kubadilisha sili, si kurudi semi.

La mwisho, pima unywaji wa oili kabla hujanunua. Ikiwa inapungua karibu lita moja kila kilomita 1,000, au asubuhi inatoa moshi wa bluu, shughulikia ringi za pistoni na sili za valvu kwanza, maana sintetiki hiyo ya bei itaishia kwenye ekzosi.