Shirika limebadilisha saa ya ndege yetu ya likizo: nikubali?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kakamega. Mwezi wa Juni nilinunua tiketi za watu wanne, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, twende Zanzibar wiki ya Krismasi. Ya Kisumu hadi Nairobi nilinunua kwa shirika moja, na ya Nairobi hadi Zanzibar, kwenda na kurudi, kwa shirika lingine kupitia wakala wa mtandaoni, kwa kuwa hivyo ilikuwa nafuu. Tungefika Nairobi saa tatu kasoro robo asubuhi, tupande ya Zanzibar saa sita kasoro dakika ishirini. Juzi nimeletewa barua pepe kwamba ndege ya Zanzibar sasa itaondoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ile ile. Chini kuna kitufe cha kukubali. Nimepiga simu, nikaambiwa tiketi yangu ni ya aina isiyorudishiwa pesa. Sasa nifanye nini? Mwalimu, Kakamega.

JIBU: Mwalimu, kitufe hicho usikiguse kwanza.

Najua kinavyovutia. Mtu akiona "kubali" anadhani asipobonyeza atapoteza nafasi yake. Lakini ukibonyeza umesema saa mpya inakufaa, na kuanzia hapo ukitaka kuhama tena, shirika litakuhesabu kama abiria aliyebadilisha nia mwenyewe: ulipe ada ya kubadilisha, ulipe na tofauti ya nauli, ambayo wiki ya Krismasi si ndogo. Kwa sasa mambo yako kinyume. Wao ndio waliobadilisha, na hadi utakapojibu, tiketi yako ya bei nafuu ina uhuru ambao haikuwa nao siku ulipoinunua.

Aliyekujibu kwenye simu alijibu swali ambalo hukuuliza. Tiketi isiyorudishiwa pesa ni ile ambayo wewe ukighairi, hasara ni yako. Sharti hilo halihusu safari ambayo shirika lenyewe limeihamisha kwa saa tatu na nusu. Kila shirika lina kipimo chake: wapo wanaokuruhusu kuhama bure hata kwa badiliko dogo, wapo wanaoanza kuhesabu badiliko likipita saa moja au mbili. Kipimo hicho kimo kwenye masharti ya usafirishaji, ambayo yako kwenye tovuti yao. Yasome kabla ya kupiga simu tena, kwenye sehemu inayohusu kubadilishwa kwa ratiba.

Kisha piga, na usiulize "mnaweza kunisaidiaje?" Ukiuliza hivyo utapewa lile lililo jepesi kwao. Kabla ya kupiga, fungua tovuti yao kana kwamba unanunua upya, utafute ndege zao nyingine za Zanzibar siku hiyo, jana yake na kesho yake, uandike namba ya ndege na saa. Ukishika simu, useme hivi: "Mmehamisha ndege yangu kwa saa tatu na nusu. Saa mpya siiwezi na sijaikubali. Naomba mtuhamishe sote wanne, bila malipo, kwenye ndege namba fulani ya saa fulani." Mtu wa huduma akipewa namba ya ndege anaitafuta. Akipewa malalamiko matupu, anatafuta namna ya kumaliza simu.

Wewe ulinunua kwa wakala, na hapo watu wengi huzungushwa. Shirika linasema mrudie wakala, wakala anasema wasubiri shirika. Kwa kawaida aliyetoa tiketi ndiye mwenye kuishughulikia, kwa hiyo ombi hilo hilo mpelekee wakala kwanza, kwa maandishi, ili ubaki na ushahidi. Tazama pia namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakuonyesha tiketi ni ya shirika gani: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Wakala akinyamaza siku mbili, lipigie shirika la tarakimu hizo na ueleze tarehe uliyomwandikia wakala.

Kuhusu kurudishiwa pesa, unaweza kuiomba, lakini kwa hali yako mimi singeanza nayo. Nauli uliyolipa ni ya mwezi wa Juni. Ukirudishiwa, utaingia nayo sokoni kununua viti vinne vya Desemba, na kwanza utasubiri hadi pesa zifike. Kuhamishwa kwenye ndege nyingine kunakulinda na bei ya leo, kurudishiwa pesa hakukulindi. Na ukipewa vocha mahali pa pesa, usiipokee ila ukiwa na hakika ya safari nyingine kabla muda wake haujaisha.

Hapa pana neno litakalokuuma. Shirika la Zanzibar halina habari na ndege yako ya Kisumu. Ungekuwa umenunua Kisumu–Nairobi–Zanzibar katika tiketi moja, wangelazimika kukupangia muungano unaowezekana, kwa sababu ni wao waliokuahidi kukufikisha kutoka Kisumu. Kwa tiketi mbili tofauti, mbele yao wewe ni abiria unayeanzia Nairobi, na pale kati umejiunganishia mwenyewe. Kwa hiyo usiitegemee Kisumu kama hoja ya kwanza. Hoja yako ni zile saa tatu na nusu.

Usijaribu pia kuikimbiza ndege hiyo ukitumaini itachelewa. Ukifika Nairobi kwa tiketi tofauti mara nyingi unachukua mabegi, unatoka nje na kuanza upya kaunta ya safari za nje, pasipoti mkononi, na watoto wawili. Tena ndege nyingine za Kisumu hutua uwanja wa Wilson wala si Jomo Kenyatta. Tazama tiketi yako inasema wapi. Na kubwa kuliko yote: usipoonekana kwenye ndege ya kwenda, mfumo hufuta na ya kurudi. Nimeona watu waliojinunulia tiketi mpya ya kwenda, wakastarehe likizo yao, wakajua siku ya kurudi kwamba hawana kiti.

Basi utaratibu uwe huu: Zanzibar kwanza, Kisumu baadaye. Usibadilishe tiketi ya Kisumu kabla hujapata ya Zanzibar kwa maandishi, usije ukalipa mara mbili. Ukihamishiwa ndege ya mchana, huenda ya Kisumu isiguswe kabisa. Wakikataa kata kata, kubaliana nao muende siku inayofuata, au wewe usogeze ya Kisumu iwe jana yake mlale Nairobi. Hiyo ya mwisho ni gharama yenu, kitanda na chakula cha watu wanne, ndiyo maana naiweka mwisho. Na kama ulifikiria kuteremka kutoka Kakamega hadi Kisumu usiku kwa usiku kupitia Chavakali na Kiboswa, hilo halikusaidii hapa. Tatizo lako haliko barabarani.

Mbona mashirika hubadilisha saa? Tiketi huanza kuuzwa miezi kumi na moja hivi kabla ya safari, ratiba ikiwa bado ni makisio. Dunia nzima mashirika hugeuza ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukinunua Juni safari ya Desemba, umenunua ng'ambo ya mpaka huo. Shirika likiona ndege mbili zimejaa nusu nusu, huziunganisha. Ndege ikipelekwa karakana, saa zinasogea. Kwa hiyo yeyote mwenye safari ya Krismasi aifungue rekodi yake ya safari baada ya Jumapili ile ya Oktoba hata kama hajapata ujumbe wowote, maana ujumbe mwingi huenda kwa wakala ukaishia huko.

Wakikubali, kazi haijaisha. Kwenye skrini yetu sisi mawakala safari iliyobadilishwa huonekana mistari miwili: wa zamani una herufi UN, maana yake ndege hiyo haipo tena kwa saa ile, na mpya una TK, maana yake saa mpya inangoja mtu aipokee. Ikipokelewa, ule wa juu unaondolewa na wa chini unageuka HK, yaani kiti kimethibitishwa. Wengi wanakomea hapo. Lakini kiti na tiketi ni vitu viwili. Tiketi nayo lazima ilinganishwe na safari mpya au itolewe upya, la sivyo siku ya safari mtu wa kaunta ataona jina lako kwenye ndege na tiketi inayosema ndege nyingine. Kwa hiyo omba utumiwe tiketi yenyewe, si ujumbe wa "imethibitishwa" tu. Hesabu majina manne. Linganisha tarakimu 13 za kila mmoja, watoto pia. Mizigo na viti mlivyolipia angalia kama vimehama pamoja nanyi, kwa sababu viti hasa hupotea.

Na saa uisome kwa tarakimu, usiisome kwa mdomo. Nasema hili kwa uchungu. Kulikuwa na wazee wawili kutoka upande wa Bondo waliokuwa wakienda Dubai kumwona binti yao. Ndege yao ilikuwa 23:50 Jumamosi, ikasogezwa dakika hamsini tu, ikawa 00:40. Dakika hamsini nani anazijali? Lakini zilivuka saa sita ya usiku, na tiketi mpya ikaandikwa Jumapili. Sisi saa saba kasoro dakika ishirini usiku ule tunauita Jumamosi usiku, au usiku wa kuamkia Jumapili. Wazee walisoma Jumapili, wakafika Jumapili usiku, karibu saa ishirini na nne baada ya ndege kuondoka. Nilipigiwa simu na mama akiwa amekaa juu ya begi lake la omena iliyokaushwa, ananiuliza kosa lake ni lipi. Sikuwa nimewauzia mimi, ila tangu siku hiyo kila safari iliyo kati ya 00:00 na 05:00 naandika kwa kalamu juu ya karatasi: "Fikeni uwanjani Jumamosi jioni."

Wanaokwenda mbali kuliko Zanzibar wana kinga nyingine. Kwa safari zinazoondoka Ulaya, au zinazoingia Ulaya kwa shirika la Ulaya, ipo kanuni namba 261 ya mwaka 2004: ndege ikifutwa na ukaarifiwa zikiwa zimebaki chini ya siku 14, unaweza kudai fidia, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika au upewe ndege nyingine iliyo karibu sana na saa yako. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba ndege iliyosogezwa mapema kwa zaidi ya saa moja ihesabiwe kuwa imefutwa. Marekani, tangu mwishoni mwa 2024, safari ya kimataifa ikisogezwa saa 6 au zaidi nawe ukaikataa, unarudishiwa pesa. Kwako haya hayafiki. Wewe una masharti ya shirika na sheria ya Kenya, na ukikwama kabisa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya hupokea malalamiko ya abiria. Wapelekee barua pepe zote pamoja na tarehe za simu ulizopiga.

Lakini usiyangoje hayo. Nilisema usibonyeze, sikusema ukae. Barua uliyopata wewe wamepata abiria wote wa ndege ile, na wote wanaitazama ndege ya mchana. Mwandikie wakala leo hii. Ukishapata tiketi mpya, angalia na ya kurudi, maana shirika likihamisha ya kwenda mara nyingi ya kurudi nayo imeguswa, kisha iandikie hoteli uwaambie mtafika saa ngapi, na kama ni siku nyingine, waulize kwa maandishi iwapo usiku wa kwanza watauhamisha au watautoza.